JINA LIMEBADILIKA, MTU NI YULE YULE



Mwezi huu hatusemi juu ya nyongeza ya mshahara wala posho ya nyumba, ingawa hayo hatujayasahau. Twataka kusema juu ya faili. Huenda mwenzetu mmoja atacheka na kusema, "Faili ni kazi ya makarani. Mimi mtu wa njia, mwenye koleo na nyundo, nina nini nalo?" Twamwomba asome mpaka mwisho, ndipo acheke.

Yuko mwenzetu, mkaaji wa Kibokoni katika Mji wa Kale, ambaye hatutamtaja jina, maana majina ndiyo yaliyomtia matatani. Aliingia kazini akiwa kibarua wa gangi, akipanga kokoto chini ya mataruma. Baadaye akaandikwa, akawa mtu wa pointi. Akafanya kazi miaka tisa, na katika miaka hiyo hakuangusha behewa hata moja. Kisha akaoa Mji wa Kale, akasilimu, akachukua jina jipya. Jina hilo hakulichukua gizani. Alikwenda kwa wakili akaandikiwa hati ya kubadili jina, hati ikasajiliwa, tangazo likatoka katika Gazeti rasmi la Serikali, naye akapewa kitambulisho chenye jina jipya. Halafu akaacha kazi kwa barua na kwa heshima, akaenda Arabuni kutafuta riziki.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Baada ya miaka minne alirudi, akaitwa kazini tena, kwa sababu walitakiwa watu wanaoijua njia ya zamani. Kazi yenyewe na ofisi yenyewe hatuzitaji. Hatutaki kumwaibisha karani mmoja, twataka desturi irekebishwe, na desturi hii si ya ofisi moja tu katika kisiwa hiki.

Siku ya kuandikwa aliulizwa, "Umepata kufanya kazi hapa?" Akajibu, "Ndiyo, miaka tisa, kwa jina langu la kwanza." Akatoa hati yake na cheti chake cha kazi cha zamani. Foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali. Karani akaitia ile hati ndani ya mtoto wa meza, akachukua faili jipya, akaandika jina jipya na namba mpya ya kazi, kana kwamba mtu huyu ameshuka jana kutoka mawinguni. Mwenzetu akatia sahihi akaenda kazini. Alifikiri kwamba amekwisha sema, na aliyesema amekwisha maliza.

Ikapita miezi kumi na minne. Ofisi ikaanza kulinganisha madaftari ya zamani na yale ya kompyuta. Mashine ikasema: hapa pana namba moja ya kitambulisho, lakini pana watu wawili, majina mawili, namba mbili za kazi. Karani mwingine, ambaye hakuwapo siku ile, akasema, "Huyu ni tapeli." Mwenzetu akasimamishwa kazi bila mshahara.

Alikaa nyumbani wiki tatu. Nyie mnaoujua Mji wa Kale mnajua maana yake. Pale watu huketi barazani jioni, na kila apitaye huulizwa hali. Mtu aliyesimamishwa kwa kuambiwa ameiba jina hapiti mbele ya baraza. Huzunguka uchochoro wa nyuma. Mke wake alikuwa akipika mahamri alfajiri apate pesa ya soko, na mwenye nyumba alikuwa akibisha mlango.

Mjumbe wetu akaomba meza ifunguliwe. Hati ikaonekana, chini ya fomu za likizo za zamani, imekunjwa vile vile kama alivyoitoa mfukoni. Mwenzetu akarudishwa kazini, akalipwa wiki mbili katika zile tatu. Wiki ya tatu bado twaidai. Na ile miaka tisa mpaka leo imelala katika faili jingine, la mtu ambaye ofisi inasema hayupo. Hakuna aliyemwambia "pole."

Ndugu zetu, jambo hili si la mtu mmoja. Hapa Mombasa kubadilika kwa jina si ajabu wala si dalili ya wizi. Sisi tuliosoma shule ya misheni mpaka darasa la nane tulifundishwa habari za Simoni aliyeitwa Petro na Sauli aliyeitwa Paulo, wala hatukuambiwa kwamba walipoteza kazi zao za kwanza. Ng'ambo ya Mji wa Kale, pale Freretown, watu waliokombolewa utumwani walikaribishwa na wamisheni tangu mwaka 1875, na waliobatizwa wakapewa majina mapya. Wajukuu wao wangali miongoni mwetu. Wengine husilimu, wengine hubatizwa. Mwanamke huolewa akachukua jina la mume, na akiachwa huenda akarudia jina la baba yake.

Tena kuna watu ambao hawakubadili jina hata kidogo, bali jina lilibadilishwa na kalamu. Mzee mmoja jina lake ni Athumani. Karani wa kwanza ameandika Athman, wa pili Othman, wa tatu Uthman. Mama mmoja ni Fatuma binti Ali, na kitambulisho kikaja na Fatma Ali. "Binti" imeanguka njiani. Mwingine mwaka wake wa kuzaliwa ulikisiwa na chifu kwa kutazama kimo chake, na baadaye cheti cha ubatizo kikaonyesha mwaka mwingine. Watu hawa wote ni wakweli. Wakiacha kazi na kurudi, karatasi zao hazitafanana na zile za kwanza. Je, kila mmoja wao ataitwa tapeli?

Na tuikumbuke historia, maana ndani yake mna sababu ya watu wetu kuogopa karatasi. Wazee wetu walivaa kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kushikwa kwa nguvu mwaka 1919 na 1920, baada ya vita vya kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 aliandikwa, akatiwa alama za vidole, akapewa karatasi ndani ya kijaluba cha bati, akakivaa shingoni kwa kamba. Tajiri aliandika humo siku ya kumwajiri, mshahara wake, na siku ya kumwachia. Asipotia sahihi ya kumwachia, mtu yule hakuweza kuajiriwa kwingine kwa halali. Akitoroka, alama za vidole zilimfuata hata akijiita jina jingine. Harry Thuku na wenzake walipiga kelele juu ya kipande mwaka 1921 na 1922, lakini hakikuondoka mpaka sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote, ya mwaka 1947. Mwaka huo huo, mwezi wa Januari, wafanya kazi wa Mombasa, wa bandari na wa reli pamoja, walikuwa wamegoma mji mzima.

Kipande kilimkumbuka mtu ili kumshika. Siku alipokuwa na lake la kudai, hakikumkumbuka. Twaona haya kusema kwamba faili la mwenzetu lilifanya vivyo hivyo. Lilishindwa kuikumbuka miaka yake tisa alipoitaja yeye mwenyewe, lakini liliikumbuka upesi ilipotakiwa kumtia hatiani.

Sasa tuitazame reli yenyewe. Ilianza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896, ikaitwa Reli ya Uganda, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901. Baadaye ikawa Reli ya Kenya na Uganda. Mwaka 1948 ikaunganishwa na ya Tanganyika, ikaitwa Shirika la Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Mwaka 1969 bandari zikatengwa, ikabaki Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, na mwaka 1978 likaanza Shirika la Reli la Kenya. Tangu mwaka 2006 mpaka 2017 uendeshaji ulikuwa mikononi mwa kampuni ya Rift Valley Railways, kisha ukarudi kwa Shirika. Hesabuni wenyewe ni majina mangapi! Je, daraja la Makupa liliambiwa lianze upya? Deni la reli lilifutwa kwa kuwa jina limebadilika? Hata kidogo. Mali ilifuata na deni likafuata.

Na injini pia. Zile injini kubwa za mvuke zilizoitwa klasi EC3 ziliingia shirika la mwaka 1948, zikapewa namba mpya, zikaitwa klasi 57. Injini za dizeli zilizoanza kuletwa mwaka 1960 ziliitwa klasi 90, na baadaye zikaitwa klasi 87. Fundi wa karakana alipoletewa injini yenye namba mpya hakusema, "Hii siijui, historia yake ya matengenezo tuitupe." Alitafuta namba ya zamani, akaunganisha madaftari, akajua boila lilifunguliwa lini na magurudumu yalibadilishwa lini. Asingefanya hivyo, watu wangekufa. Basi tunauliza, ikiwa chuma chapewa heshima hii, mbona mtu asipewe?

Hapa yatupasa kuwa wakweli na kuisikiliza ofisi pia. Ofisi ina hofu yake, na hofu hiyo si ya bure. Wako watu waliofukuzwa kwa kuiba dizeli, wakarudi kwa kitambulisho cha ndugu zao. Wako waliofutwa kwa ulevi kazini, wakarudi kwa jina la utotoni. Tumesikia tena habari za mishahara ya watu hewa, majina katika daftari yasiyo na mwili. Mtu mlevi kwenye pointi aweza kuua abiria mia. Hatutamtetea mtu wa namna hiyo, hata akiwa amelipa ada ya chama miaka ishirini.

Lakini fikirini. Njia gani yamkamata mwongo upesi zaidi? Je, ni kufungua faili jipya kila mtu ajapo na jina jipya, au ni kutafuta faili la kwanza na kuliunganisha? Mwongo ndiye apendaye faili jipya, maana faili jipya halina doa. Mkweli ndiye aombaye faili la zamani litafutwe, kwa kuwa mema yake yamo humo. Mwenzetu wa Kibokoni alilitaja faili lake la zamani kwa mdomo wake, akatoa na hati. Tangu lini tapeli akamwonyesha askari njia ya nyumbani kwake? Kwa hiyo ofisi na sisi hatugombani katika jambo hili. Wote twataka mtu mmoja awe na faili moja.

Ama kwa habari ya sheria, ipo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba maelezo ya kazi ya mtu yaandikwe, na yakibadilika, mwajiri ashauriane na mfanya kazi, ayarekebishe, na amjulishe kwa maandishi. Haikusema ayatie katika mtoto wa meza. Sheria hiyo hiyo yasema mwajiri ayaweke maelezo hayo miaka mitano baada ya kazi kwisha. Shikeni sana neno hilo, ndugu zetu. Ukikaa nje miaka sita, ofisi yaweza kukwambia kwamba karatasi zako zimekwisha choma moto, na pengine haikuvunja sheria. Ndiyo sababu sheria inakupa haki ya cheti cha kazi unapoondoka, chenye jina lako, jina la mwajiri, siku uliyoanza, siku uliyomaliza, kazi yako na mahali pake. Wengi wetu tukiondoka twauliza mshahara wa mwisho tu, cheti twakiacha.

Tena iko Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Yakupa haki ya kuomba habari zako zilizoandikwa kwa makosa zisahihishwe. Na yahesabu habari za imani ya mtu, ndoa yake na jamaa zake kuwa ni habari za kuangaliwa sana. Kwa hiyo karani ana haki ya kuuliza, "Hati ya kubadili jina iko wapi?" lakini hana sababu ya kuuliza, "Kwa nini umesilimu?" au "Mume alikuacha kwa kosa gani?" Mama mmoja wa usafi alituambia kwamba alivumilia kuitwa kwa jina la mume aliyemwacha, miaka miwili, kwa kuwa aliogopa kuulizwa swali hilo mbele ya foleni. Hilo halifai katika ofisi ya watu wastaarabu.

Wako pia vibarua, na hao ndio huumia zaidi. Neno kibarua latokana na barua, ile karatasi ndogo aliyopewa mtu wa kutwa ili siku zake zihesabiwe. Hata neno lenyewe latukumbusha kwamba mtu wa kutwa huishi kwa hesabu ya siku. Sheria ya 2007 yasema kibarua akifanya kazi siku za mfululizo ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, ahesabiwe kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Sasa mtu akiandikwa Saidi wiki mbili, na Said bin Juma wiki mbili zinazofuata, hesabu imekatika. Kwa herufi moja mtu hukosa likizo na ilani. Hatusemi kwamba kila mara hufanywa kwa makusudi. Lakini likifanywa kwa makusudi au kwa uzembe, tumbo la mtu laona njaa ile ile.

Basi twaitaka ofisi ifanye nini? Mambo matano tu, na hakuna hata moja linalohitaji pesa nyingi.

Kwanza, kila arudiye kazini aulizwe kwa maandishi: umepata kufanya kazi hapa, na kwa jina gani? Jibu liwe juu ya karatasi, lenye sahihi ya wote wawili, ili baada ya miezi kumi na minne asiulizwe tena kana kwamba alificha.

Pili, faili la kwanza litafutwe kabla ya jipya kufunguliwa, na namba ya kazi iwe moja. Na kama ni lazima iwe namba mpya, basi ile ya zamani iandikwe juu ya faili jipya, na mpya juu ya la zamani, kama fundi alivyofanya na injini.

Tatu, jina la zamani lisifutwe. Lipigwe mstari mmoja linaloweza kusomeka, pembeni iandikwe tarehe, namba ya hati iliyoonyeshwa, na sahihi ya karani. Katika kompyuta pia iwe hivyo. Siku hizi karani huandika jina jipya juu ya la zamani, akabonyeza, na la zamani likatoweka kama jina lililoandikwa mchangani. Kesho mwajiri mwingine akiuliza, "Alikuwapo mtu wa jina hili?" jibu huwa "Hapana," na mkweli amekuwa mwongo. Lakini jina hilo la zamani liwekwe mahali pa karani anayehusika tu, si kubandikwa katika orodha ya zamu ukutani. Mtu aitwe kwa jina lake la sasa.

Nne, mtu apewe risiti ya kila hati aliyoitoa, na nakala irudi mkononi mwake. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tano, karatasi zisipofanana, mtu aulizwe kwanza, tena mbele ya mjumbe wake, ndipo asimamishwe kama ikibidi. Kumsimamisha kwanza na kuuliza baadaye ni kumhukumu mtu kabla hajasema.

Na juu ya ile miaka ya kwanza, tuseme waziwazi ili tusidhaniwe kudai kisicho chetu. Hatusemi kwamba miaka minne ya Arabuni ihesabiwe kuwa ya reli. Wala hatusemi kwamba kila arudiye ni lazima miaka yake ya kwanza iungwe na ya pili. Mtu aliyeacha kazi kwa hiari huenda ameanza mkataba mpya. Jambo hilo liamuliwe kwa mapatano ya chama na mwajiri, mezani, kwa macho mawili. Tunalokataa ni kwamba liamuliwe na karani mmoja siku ya joto, kwa sababu tu alikuwa karibu na rafu ya mafaili mapya. Miaka tisa ilifanywa kazi. Kama ihesabiwe au isihesabiwe, na iandikwe kwamba ilikuwapo.

Sasa ndugu zetu, tuelekeze kidole kwetu. Tulipokwenda kumtetea mwenzetu, tuliulizwa, "Daftari la chama linasemaje?" Tukalifungua kwa kujiamini. Tukaona jina lake la zamani limepakwa wino mweusi kabisa, hata mwanga wa dirisha haukulionyesha, na jina jipya limeandikwa mwisho wa kitabu kama la mwanachama mgeni. Sisi wenyewe tulikuwa tumefanya lile lile tulilokwenda kulilaumu. Tuliona haya, na tangu siku ile daftari letu linapigwa mstari mmoja, lenye tarehe na sahihi. Twawaomba matawi mengine wayatazame madaftari yao kabla hawajaenda kupiga meza za wengine.

Na wewe mfanya kazi una wajibu wako. Ukibadili jina, usingoje uulizwe. Peleka habari ofisini, kwenye mfuko wa NSSF, ambao ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1965, kwa watu wa kodi, kwa benki, na kwa chama. Namba yako ya NSSF ni moja maisha yako yote. Karani akikwambia ujiandikishe upya ili upate namba nyingine, kataa kwa adabu, umwombe abadilishe jina juu ya namba ile ile. Mtu mwenye namba mbili hupata taabu uzeeni, na mjane wake hupata taabu maradufu.

Jambo jingine dogo ambalo limewakwaza wengi. Katika kadi za kitambulisho tulizozizoea mna namba mbili. Moja ni namba yako wewe, nyingine ni namba ya ile kadi. Kadi ikitolewa upya, namba ya kadi hubadilika, lakini namba yako haibadiliki. Makarani wengine hunakili ile ya kadi, halafu husema, "Namba hazilingani." Mwonyeshe kwa kidole, taratibu, na usiondoke dirishani mpaka ameandika iliyo sawa.

Weka karatasi zako pamoja: cheti cha kazi, hati ya jina, cheti cha ndoa kama jina lilitokana na ndoa, barua ya kuajiriwa na barua ya kuacha. Zitie katika mfuko wa nailoni, maana Mji wa Kale una unyevu wa bahari na mchwa hawajui kusoma. Mwambie mke wako au mume wako zilipo. Na siku ya kurudi kazini usimwachie karani karatasi ya asili, mpe nakala.

Wazee husema, asiyekuwepo na lake halipo. Lakini mwenzetu alikuwapo. Alikuwapo miaka tisa, jua na mvua, taa mkononi usiku, akisikiliza gari moshi likitoka Makupa kuingia kisiwani, naye ndiye aliyelifungulia njia. Abiria hawakuuliza jina lake. Walifika salama, wakashuka na mizigo yao, wakaenda zao Mwembe Tayari na Majengo.

Jumatatu ijayo mjumbe wetu atakwenda tena ofisini kuuliza mambo mawili: ile wiki ya tatu ya mshahara, na lini mafaili yale mawili yatafungwa kwa kamba moja. Kama wako wengine wenye majina mawili katika madaftari, na waje chamani kabla ya siku hiyo, na nakala za karatasi zao, ili aende na orodha ya watu wengi. Msione haya. Kubadili jina si kosa, na kunyamaza juu yake ndiko kutakakowapoteza.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi wenzenu wa njia, Mombasa.